Sahihi ni Yangu: Kisa cha Mtunza Stoo Aliyeandika "Mkataba Uliisha"

Nimefanya kazi kwenye ofisi za utumishi miaka 17, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia simu waajiri wa zamani kuuliza habari za waombaji. Lakini kisa hiki hakikunifikia ofisini. Kilinifikia nyumbani Tabata, Jumapili moja ya Februari 2023, kikiletwa na binti wa jirani yangu aliyeingia na bahasha ya kaki kwapani. Amenipa ruhusa nikiandike. Jina lake na majina ya waajiri wake nimeyaacha, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha nimevibadilisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Hakutaka hata maji. "Mama, nimenyang'anywa kazi niliyokwisha kupewa."

Binti ana stashahada ya ununuzi na ugavi. Alianza kazi Januari 2016 kwenye hoteli moja Arusha, akitunza stoo ya jikoni. Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa, tena Arusha hukohuko, na mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Anayeijua Arusha anajua maana yake: hoteli ilibaki na walinzi na paka. Mwezi Mei yeye na wenzake wengi wakapewa barua. Akarudi Dar es Salaam kwa mama yake, akakaa miezi tisa bila kazi, na Februari 2021 akaajiriwa na kampuni ya kusambaza bidhaa za vyakula kama mtunza stoo. Huko alikaa mwaka mmoja na nusu. Agosti 2022 akaachishwa.

Novemba mwaka huohuo aliomba kazi ya stoo kwingine, na Januari akafanya usaili vizuri. Akapigiwa simu: aje tarehe 1 Februari na vyeti halisi. Siku mbili kabla, simu ya pili: "Tumesitisha kidogo, tutakujulisha." Hawakumjulisha. Mtu anayefahamiana naye ndani ya ile ofisi ndiye aliyemnong'oneza kwamba walipiga simu alikotoka na "ukaonekana umedanganya".

Nikamwomba nakala ya fomu aliyojaza. Kwenye safu ya "sababu ya kuacha kazi", mstari wa hoteli aliandika: mkataba uliisha. Mstari wa kampuni ya usambazaji: mkataba uliisha.

Hapo ndipo kisa kilipo, na nitakaa hapo kidogo. Mkataba haukuisha popote. Kote kuwili alikuwa na mkataba usio na kikomo. Hotelini alipunguzwa, na kupunguzwa kazi kwa sababu biashara imeanguka hakuna anayemlaumu mfanyakazi, hasa mwaka 2020. Barua yake ilisema hivyo waziwazi, "kutokana na mahitaji ya uendeshaji". Kwa nini basi akaficha hata lile lisilo na doa?

"Mama, niliona nikiandika mbili tofauti wataanza kuuliza. Nikiandika zifanane, watapita."

Nimewasaili mamia ya watu na sikuwahi kulifikiri jambo hili kwa upande wa anayejaza fomu. Aibu ya Agosti 2022 ilirudi nyuma ikachafua Mei 2020. Na afisa utumishi aliyeshika ile fomu hakuona mtu aliyepunguzwa mara moja na kukosea mara moja. Aliona mtu aliyekatizwa kazi mara mbili na kudanganya mara mbili. Aliyemshauri aandike hivyo ni mama yake mzazi, kwa mapenzi kabisa: "Funika kombe mwanaharamu apite." Shida ni kwamba mwanaharamu huyu ana namba ya simu ya ofisi uliyotoka.

Tukafungua bahasha. Ilikuwa na barua mbili na karatasi ya malipo ya hoteli, na ile karatasi ya malipo ndiyo niliyoipenda zaidi. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa anayeachishwa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa kazi, isizidi miaka 10, lakini hakimpi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Hoteli ilimlipa siku 28 kwa miaka minne. Kampuni ya pili haikumlipa hata moja. Kwa hiyo malipo peke yake yalikuwa yanasimulia habari mbili tofauti, na yeye amebeba bahasha hiyo miezi yote bila kuisoma hivyo. Watu wengi wanaokuja kwangu hawajui waliondokaje kazini. Wanajua tu kwamba waliondoka na kwamba iliuma. Mtaani yote huitwa "kufukuzwa".

Barua ya pili ilikuwa na aya moja nzito: "uzembe mkubwa uliosababishia kampuni hasara". Nikamwambia anisimulie, taratibu, kama vile nilikuwepo stoo.

Malori ya mafuta ya kupikia yalikuwa yanafika jioni, saa kumi na moja kuelekea kumi na mbili. Makuli wanapanga katoni kwa haraka, dereva anadai karatasi yake asainiwe awahi kutoka kabla foleni haijakaza. Mpangilio ulikuwa uleule siku zote: katoni 8 kwa upana, 6 kwenda juu, safu 5 kwenda ndani mpaka ukutani. Jumla 240. Kushoto na kulia kumejaa mizigo mingine, kwa hiyo unachokiona ni uso wa mbele tu. Yeye alihesabu uso, 48, akazidisha kwa 5, akasaini. Mara nyingi hesabu ilikuwa sawa. Lakini kwenye malori manne, safu ya ukutani ilipangwa kwenda juu katoni 4 badala ya 6. Katoni 16 pungufu kila lori. Stoo ilipofungwa kwa hesabu ya nusu mwaka, zikakosekana 64.

"Nani alizichukua?" nilimuuliza.

"Sijui mama. Naapa sijui. Dereva anaweza, makuli wanaweza, hata aliyepakia kule."

"Polisi?"

"Hakuna aliyepelekwa polisi."

"Na wewe uliambiwa umeiba?"

Alinyamaza sana. Kisha akasema hapana, hakuna aliyemwambia hivyo. Barua haisemi hivyo. Lakini yeye mwenyewe, ndani, alikuwa anaisoma hivyo kila siku. Siku akiwa na hasira alisema "walinionea". Siku akiwa amechoka alijiona mwizi. Zote mbili si kweli, na mtu anayeyumba kati ya hizo mbili hawezi kujibu swali la usaili, hata akariri majibu mwezi mzima. Kweli ilikuwa ndogo kuliko zote mbili: alisaini mzigo ambao hakuuhesabu wote. Basi.

Kuonewa nako kulikuwepo, ila mahali pengine. Aliitwa ofisini asubuhi, akaulizwa maswali, mchana akapewa barua. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya ile Sheria ya Ajira zinataka mfanyakazi ajulishwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Hakupewa lolote katika hayo. Angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Hakwenda, kwa kuwa alidhani anayekwenda CMA ni yule asiyekosea. Hili linaniumiza kila ninapolikuta. Sheria hupima mambo mawili kila moja kwa upande wake, sababu na utaratibu, na mtu anaweza kuwa amekosea kazini na bado akawa ameachishwa isivyo haki. Siku 30 zilikuwa zimepita zamani. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini tulipima tukaona hana sababu ya kuieleza zaidi ya kutojua, akaamua kuliacha. Nikamwomba basi aliache na kwenye usaili. Manung'uniko ya utaratibu yana mlango wake, na mwajiri mpya siye mwenye ufunguo.

Sasa nieleze hiyo simu, maana waombaji wengi wanaiogopa bila kuijua. Ninapopiga ninauliza tarehe ya kuanza na kuondoka, cheo, sababu ya kuondoka, na mwishoni kama wangemwajiri tena. Maofisa waangalifu hujibu mawili ya kwanza na kunyamaza kwenye mengine, na siku hizi wanaongezeka, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023. Lakini hata ule unyamavu unasikika. Kinachomwangusha mwombaji mara nyingi si jibu lenyewe. Ni tofauti kati ya jibu na fomu niliyoishika mkononi. Nimewahi kupendekeza waajiriwe watu walioachishwa kwa kupigana. Sikumbuki kumpendekeza mtu ambaye fomu yake ilisema hivi na simu ikasema vile, kwa kuwa hapo sina tena msingi wa kuamini hata tarehe yake ya kuzaliwa.

Na simu siyo njia pekee. Namba ya uanachama ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni moja maisha yote. Michango inaonyesha mwajiri gani, kuanzia mwezi gani, mpaka lini. Binti alikuwa ameisahau kabisa.

Kazi ya kwanza tuliyofanya haikuwa kuandika barua ya maombi. Ilikuwa kuomba cheti cha utumishi. Kifungu cha 44 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamlazimu mwajiri kukitoa ajira inapokoma, kwa namna yoyote ile iliyokoma. Kampuni haikumpa, na yeye aliona haya kukidai. Kenya pia cheti cha namna hiyo ni haki ya mfanyakazi, kwa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Nataja kwa ajili ya wasomaji wa huko, kwa sababu woga huu niliukuta kwao pia. Aliandika barua fupi mwezi Machi, yenye adabu, isiyomlaumu mtu, akaipeleka mwenyewe. Kwenye barua hiyohiyo aliuliza jambo ambalo mama yake alisema ni kujichongea: wakiulizwa habari zake, watasema nini?

Baada ya wiki mbili afisa utumishi wa kule alimpigia. Cheti kiko tayari. Na wakiulizwa sababu watasema, "uzembe katika kupokea mzigo". Alipokata simu alikuja kwangu mbio. Kwa miezi saba alikuwa amebeba hofu kwamba wanasema wizi. Hawakuwa wamesema.

Wadhamini walikuwa kazi ngumu kidogo. Alikuwa ameweka mchungaji, mwalimu wa chuo na shemeji. Shemeji tukamwondoa. Mwajiri akiona miaka ya kazi mwombaji anayo lakini hakuna mdhamini hata mmoja aliyefanya naye kazi, anauliza kwa nini. Meneja wa chakula wa ile hoteli alikubali kwa furaha. Kwa kampuni ya pili alimwendea mhasibu aliyekuwa akipokea taarifa zake za stoo kila mwisho wa mwezi. Hakumwomba amtetee. Alimwambia, "Kaka, wakikuuliza waambie unachokijua." Mhasibu akakubali, akaongeza kwamba taarifa zake ndizo pekee zilizokuwa zinafika kwa wakati.

Kisha sentensi. Tuliiandika mezani kwangu jioni tatu. Rasimu ya kwanza: "Tulitofautiana na uongozi." Nikaikataa. Ni ya kweli kwa mbali, lakini kila msaili ameisikia na kila msaili anaijaza kwa mawazo yake, na mawazo yake huwa mabaya kuliko katoni 64. Rasimu ya pili ilikuwa nusu ukurasa, na ndani yake kulikuwa na dereva, makuli, foleni ya jioni na bosi mwenye hasira. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa yeye. Ya tatu ndiyo hii, naye ndiye aliyeiandika:

"Niliachishwa kazi Agosti 2022. Nilisaini kupokea mzigo bila kuuhesabu wote, na kampuni ikapata hasara. Niko tayari kueleza."

Ya hoteli ilichukua dakika mbili: "Nilipunguzwa kazi Mei 2020 pamoja na wenzangu, hoteli ilipokosa wageni kwa sababu ya corona." Aliisoma kwa sauti, akashangaa jinsi ilivyo nyepesi.

Tulibishana iwekwe wapi. Yeye, baada ya kuona ukweli hauui, sasa alitaka kuuandika kwenye barua ya maombi, aya ya kwanza. Nilimzuia. Wasifu na barua ni mahali pa kueleza unachokiweza. Tarehe za kweli na vyeo vya kweli vinatosha hapo. Sababu ya kuondoka inaandikwa inapoulizwa, yaani kwenye fomu, na inasemwa kwenye usaili. Lakini kwake yeye niliongeza sharti moja: hata wasipouliza, aseme kabla usaili haujaisha. Anaomba stoo, na aliachishwa kwa jambo la stoo. Mwajiri wa namna hiyo atapiga simu tu, na ni bora asikie kwa simu jambo ambalo amekwisha kulisikia kwa mwenyewe. Angekuwa anaomba kazi ya mapokezi nisingemdai hivyo. Ningemwambia ajibu kweli akiulizwa, na kama hakuulizwa, hajaficha.

Kuna msomaji atakayeuliza kuhusu aliyeachishwa kwa wizi uliothibitika. Sentensi nyepesi kwa ajili yake sina. Ukweli wake utamfungia milango mingi, na nisingemdanganya kwamba hautamfungia. Ninachokijua ni kwamba waliorudi kazini, niliowaona, walirudi kupitia watu waliowajua na wakaanzia mahali pasipo na fedha wala mali mikononi mwao.

Turudi kwa binti. Aprili aliitwa kwenye shule moja ya bweni iliyotafuta mtunza stoo. Fomu aliijaza vizuri. Usaili aliuharibu. Alipoulizwa Agosti 2022 kulikuwa na nini, alianza na sentensi yetu, kisha akaendelea. Akaeleza dereva. Akaeleza saa 48 ambazo hakupewa. Akafika kwa bosi, sauti ikakatika, akalia. Kwa makisio yake alizungumza zaidi ya dakika kumi. Hawakumchukua, na sidhani walimkataa kwa kuachishwa kwake. Walimwona mtu ambaye bado yumo ndani ya ile stoo. Nilikosea mimi: nilimfundisha la kusema, sikumfundisha pa kunyamaza. Tukafanya zoezi moja tu baada ya hapo. Mimi nauliza, yeye anajibu sentensi tatu, kisha ananitazama na kusubiri. Ule usubiri ndio uliomtoa jasho.

Mwezi Juni kiwanda cha kusaga nafaka Kibaha kilitangaza nafasi ya msaidizi wa stoo, cheo cha chini kuliko vyote alivyowahi kushika, mshahara pungufu kwa laki moja na nusu. Aliomba. Meza ilikuwa na watu watatu. Wa kwanza, meneja wa uzalishaji, aliiinua fomu akasoma ile sentensi kwa sauti, kisha akauliza lile swali.

"Sasa dada, mafuta alichukua nani?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba sahihi ni yangu."

Akanyamaza. Anasema kimya kilikuwa kirefu kama ibada. Mzee mmoja pale mezani akamuuliza, likija hapa lori la magunia saa kumi na moja jioni, atafanyaje. Akaomba karatasi. Akachora rundo lake la 8 kwa 6 kwa 5, akaonyesha safu ya ukutani isiyoonekana, akaeleza kwamba mzigo hauachwi upangwe mpaka ukutani kabla ya kuhesabiwa. Unahesabiwa unaposhuka, kwa mafungu, na fungu likikamilika linaandikwa. Na kama giza limeingia au dereva hataki kusubiri, hati inasainiwa kwa idadi iliyohesabiwa tu, na kilichobaki kinaandikwa pembeni kwamba hakijahesabiwa, dereva naye anasaini hapohapo. Mzee akaichukua ile karatasi akaikunja mfukoni.

Walipiga simu, najua, kwa kuwa mhasibu aliniambia. Walimuuliza kama ni kweli alichosema kuhusu mzigo. Akasema ndiyo, ni hivyohivyo.

Alianza Julai 2023 kwa miezi sita ya majaribio. Nilimkumbusha kwamba ni miezi ya hatari: kifungu cha 35 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Barua ya kuthibitishwa ilitoka Januari 2024. Cheo bado ni kilekile cha msaidizi, na mshahara bado haujafikia ule wa 2022.

Nilipita kwao kuwapa pongezi. Mama yake alinipokea mlangoni kwa vigelegele, akanikalisha, na mbele ya wageni wawili wa ukoo akaanza kusimulia jinsi mwanawe alivyopata kazi Kibaha. "Maana kule kwa mwanzo," akasema, "si unajua tena, mkataba uliisha."

Nilimtazama binti. Aliendelea kuchambua mchele.